Nimechoka kumlea mwanangu. Je, mimi ni mama mbaya?

SWALI: Mtaalamu, mwanangu wa kiume ana miaka 8. Alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, na alipofika mwaka mmoja na nusu tukaambiwa ana utindio wa ubongo. Hatembei, hakai bila kuegemezwa, hasemi, ingawa anaelewa mengi. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha, ninayembadilisha nepi na kumbeba. Sasa ana kilo 21 na mgongo wangu umeanza kuuma. Usiku anaamka mara tatu au nne akilia. Nikimtanua miguu kumbadilisha anapiga kelele na kujikaza, kama vile ananikomoa. Siku hizi namfokea sana, na juzi nilimfinya paja. Nililia baadaye. Kuna usiku natamani Mungu atuchukue wote wawili tupumzike. Mume wangu si mgomvi, lakini akirudi kazini ananyamaza tu. Mama mkwe anasema haya yote ni kwa sababu nilimcheka mlemavu nikiwa mjamzito. Mazoezi niliyopewa nayafanya nusunusu, sina muda. Nikilalamika naambiwa nivumilie, ni mtihani. Nina binti wa miaka 11 pia. Je, mimi ni mama mbaya? Na hali hii itaisha lini?

JIBU: Dada yangu,

Kuna sentensi uliyoipitisha haraka katikati ya barua, nami nitaanza nayo kwa sababu ndiyo nzito kuliko zote: kwamba kuna usiku unatamani Mungu awachukue nyote wawili. Wazazi wanaolea mtoto anayehitaji uangalizi wa saa zote huniambia maneno ya namna hiyo wakiwa wameinamisha kichwa, kila mmoja akidhani ni yeye tu aliyewahi kuyawaza. Mara nyingi nyuma yake kuna uchovu uliopita kiasi. Mtu anatamani pumziko, na akili iliyochoka haioni pengine pa kulipata. Hata hivyo sitalichukulia kirahisi jambo hili, na wewe usilichukulie kirahisi. Jiulize leo, bila kujificha: nimewahi kufikiria njia, au siku? Nimewahi kuzitazama dawa za mtoto kwa jicho hilo? Kama jibu ni ndiyo, hata mara moja tu, usibaki peke yako na mtoto usiku wa leo. Mwambie mumeo, au ndugu, au jirani unayemwamini, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, kisha mwende hospitali kitengo cha dharura. Dawa zote za nyumbani azitunze mtu mwingine. Kama jibu ni hapana, bado mweleze daktari au muuguzi wiki hii, usingoje kliniki ijayo ya mtoto. Kulitamka wazo la kifo hakulikuzi. Wanaolitamka ndio wanaopata msaada mapema.

La pili ni kule kumfinya. Sitakuambia kwamba si kitu, maana wewe mwenyewe unajua ni kitu, ndiyo maana ulilia. Mtoto asiyeweza kukimbia wala kusema aliyemuumiza anahitaji ulinzi zaidi, hata dhidi ya mama anayempenda akiwa amechoka. Kwa hiyo amua sasa, ukiwa umetulia, utafanya nini siku hasira itakapopanda tena. Mlaze kwa ubavu mahali asipoweza kuanguka wala kuzibwa pua, toka chumbani, simama karibu na mlango. Vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole zaidi, kama mara mbili ya muda uliotumia kuivuta. Kutoa pumzi kwa kirefu hushusha mapigo ya moyo, na mikono huacha kutetemeka. Mtoto aliye mahali salama akilia dakika tatu hadhuriki. Akiguswa na mkono wenye hasira anaweza kudhurika. Ukirudi, mwombe radhi kwa sauti. Umesema anaelewa mengi, basi ataelewa na hilo.

Sasa swali lako. Hapana, wewe si mama mbaya. Mama asiyejali haandiki barua kama yako. Ila jibu hilo peke yake halitakusaidia kesho saa tisa za usiku mtoto akilia, kwa hiyo naomba uniruhusu niende mbali kidogo.

Kinachokupata kina maelezo ya kimwili kabisa. Binadamu akikabiliwa na hatari, ubongo huamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni ya adrenalini, na baada yake homoni ya kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari hupanda kwenye damu, misuli hujikaza tayari kwa kukimbia au kupambana. Mpangilio huo umewekwa kwa ajili ya hatari ya muda mfupi, na hatari ikiisha mwili hurudi kwenye utulivu wake. Kwako haujarudi. Masikio yako hulala yakiwa wazi yakisubiri kilio, na kila kubadilisha nepi ni mapambano. Mwili unaoishi hivyo miaka mingi huanza kulipa: usingizi mwepesi hata pale mtoto anapolala, kusahausahau, hasira za haraka, kichwa kuuma, shinikizo la damu kupanda. Mwaka 2004 Elissa Epel, pamoja na Elizabeth Blackburn aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2009, na wenzao, walichapisha utafiti kuhusu akina mama wanaouguza watoto wenye maradhi ya kudumu. Walipima telomea, yaani ncha za kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli), ncha ambazo hufupika kadiri seli zinavyozeeka. Miongoni mwa akina mama hao, waliouguza miaka mingi zaidi walikuwa na telomea fupi zaidi, na waliojihisi kulemewa zaidi hali kadhalika. Lakini ukiwachukua wote kama kundi, hawakutofautiana na akina mama wenye watoto wasio na maradhi. Hapo kwangu ndipo penye tumaini. Kumlea mtoto mwenye ulemavu si hukumu ya kuzeeka mapema. Kinachomla mama ni kulemewa bila kupumzika, mwaka baada ya mwaka, na kulemewa kunapunguzika.

Ndiyo maana neno "vumilia" linaniudhi linapotolewa kama tiba. Imani yako ni nguzo, ishike. Lakini mwenye mguu uliovunjika haambiwi avumilie halafu aachwe bila plasta. Huko Ontario, Kanada, Parminder Raina na wenzake walichunguza walezi wakuu 468 wa watoto wenye utindio wa ubongo, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Waliuliza ni mambo gani hasa yanayoamua afya ya mlezi. Yaliyojitokeza kwa nguvu ni matatu: tabia za mtoto zinazosumbua, wingi wa kazi za uangalizi, na jinsi familia inavyoshirikiana. Soma barua yako tena. Mtoto anapiga kelele na kujikaza, kazi zote ziko mikononi mwako, mume kanyamaza, mama mkwe analaumu. Umeyataja yote matatu bila kujua, na yote matatu yanaguswa na mikono ya watu. Moyo wako hauna upungufu. Mzigo ndio haujagawanywa, na sehemu yake nyingine haijatibiwa.

Nasema haijatibiwa kwa sababu ya kile kilio cha nepi, na hapa nitakaa kidogo. Umeandika kwamba ukimtanua miguu anapiga kelele na kujikaza kama anayekukomoa. Mimi ni mwanasaikolojia, si daktari wa mifupa, lakini miaka ya kufanya kazi bega kwa bega na wanaowatibu watoto hawa imenifundisha kutega sikio ninaposikia maelezo hayo. Misuli ya mapaja ikikaza kwa muda mrefu huivuta nyonga polepole kutoka mahali pake. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta asilimia 35 ya watoto wenye utindio wa ubongo wana nyonga zilizosogea, na kwa wale wenye ulemavu mzito zaidi wa mwendo ilifika asilimia 90. Wengine hawaumwi kwa muda mrefu, wengine huumwa sana, hasa miguu ikitanuliwa. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba kile unachokiona kama ukaidi ni mtoto asiye na maneno anayekuambia kwa njia pekee aliyonayo: mama, hapo panauma. Nenda ukamwombe daktari wake apige eksirei ya nyonga zote mbili. Sema waziwazi: analia nikimtanua miguu, anaamka usiku, nataka kujua kama nyonga zimetoka. Tiba zipo, kuanzia dawa za kulegeza misuli na namna ya kumkalisha na kumlaza, hadi upasuaji, na zinafaa zaidi mapema kuliko kuchelewa.

Ukiwa hapo hapo, taja na usiku. Mtoto mwenye utindio wa ubongo akiamka mara nne akilia, lazima kuwe na sababu ya kutafutwa kabla ya kusema ndivyo alivyo. Inaweza kuwa kiungulia, chakula kinaporudi kooni akilala chali. Inaweza kuwa choo kigumu, ambacho ni cha kawaida mno kwa watoto wasiotembea na hutibika vizuri. Inaweza kuwa jino, au ngozi iliyochubuka kwenye kiuno kwa kulala upande mmoja, au mishtuko ya misuli. Inaweza pia kuwa kifafa cha usiku, na kwa hilo video fupi ya simu ukimrekodi anapoamka itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Nimeona nyumba ambamo mama aliletwa kwangu kwa ajili ya ushauri nasaha, na kilichombadilisha zaidi kilikuwa mtoto kutibiwa choo. Mtoto akalala, mama akalala, na mengi tuliyopanga kuyazungumza yakawa mepesi.

Tabia za mtoto hupungua pia akipata njia ya kusema. Huyu anaelewa, kwa hiyo mchagulieni ishara moja ya ndiyo na moja ya hapana: kutazama juu, kufumba macho, kugeuza kichwa, chochote anachoweza kukifanya bila taabu, na kila mtu nyumbani atumie hiyohiyo. Kisha picha chache kwenye kadi: maji, chakula, panauma, geuza, nepi. Mtaalamu wa tiba ya usemi akipatikana atakuonyesha zaidi, lakini hakuna haja ya kumsubiri ndipo uanze. Na kabla ya kumgusa, mwambie: sasa nakutanua miguu, polepole. Misuli ya mtoto huyu hukaza zaidi akishtuliwa.

Mgongo wako una hesabu yake. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, huweka kilo 23 kuwa kikomo cha mtu kuinua sanduku, tena katika mazingira mazuri kabisa. Kwa kumwinua binadamu, kikomo kilichopendekezwa na mtafiti wake Thomas Waters mwaka 2007 ni kilo 16 tu, kwa sababu mtu hubadilika mkononi, huteleza, hujikaza. Na kikomo hicho kiliwekwa kwa ajili ya wauguzi, watu wenye zamu na siku za mapumziko. Mwanao ana kilo 21. Hivyo maumivu ya mgongo wako si uzembe wala uzee. Acha kumbadilisha na kumwogesha sakafuni. Vyote vifanyike juu ya kitanda au meza imara inayokufika kiunoni, naye asiachwe juu yake hata kwa sekunde. Unapomwinua, mlete kwanza hadi ukingoni, mkumbatie karibu kabisa na kifua chako, kunja magoti na uinuke kwa mapaja, na ukitaka kugeuka geuza miguu, usizungushe kiuno. Panapowezekana, mteleze juu ya shuka imara kutoka kitandani hadi kwenye kiti badala ya kumnyanyua. Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe wewe na mumeo pamoja, mtoto akiwepo, kwa vitendo. Mara nyingi kliniki nzima huishia kwenye viungo vya mtoto na hakuna anayeuliza mlezi anaumwa wapi. Uliza wewe.

Kuhusu mazoezi unayoyafanya nusunusu, nakuomba ulitue hilo leo. Wazazi wengi hubeba hatia hii wakiamini kila saa waliyoikosa ndiyo hatua ambayo mtoto hakupiga. Mwaka 2009 Iona Novak na wenzake huko Australia walijaribu programu za nyumbani za tiba kazi, yaani mazoezi ya shughuli za kila siku, kwa watoto wenye utindio wa ubongo. Familia zilizopata mafanikio zilifanya mazoezi kwa wastani wa mara 17 hivi kwa mwezi, kila mara dakika 16 hivi. Si kila siku, si saa nzima. Kilicholeta tofauti ni kwamba mazoezi yalilenga jambo moja ambalo mtoto na familia walilichagua, kama kushika kijiko au kusaidia kuvaa shati. Kunyoosha viungo kwa mkono peke yake hakujaonyesha manufaa makubwa, ingawa kumkalisha vizuri na vifaa vya kushikilia viungo, kama amepewa, uendelee navyo. Rudi kwa mtaalamu wenu umwambie: nina robo saa, siku nne kwa wiki, tuchague jambo moja. Mtaalamu mzuri atalipokea hilo. Na zoezi likiingia ndani ya kazi ambayo ungeifanya hata hivyo, kama kumwacha anyooshe mkono mwenyewe wakati wa kuvaa, hutahitaji muda mwingine.

Mumeo. Sitamtetea wala kumshitaki, simjui. Ila baba wengi wa watoto hawa huhuzunika kwa kukimbilia kazi na kunyamaza, na mke huona kama hajali. Wewe unalia, yeye anaongeza saa za kazi. Kila mmoja anamwona mwenzake hamwelewi. Usimngojee ajitolee. Neno kama "nisaidie" ni pana mno kwa mtu aliyezoea kuona kila kitu kinafanywa na wewe, atauliza akusaidie nini na utachoka zaidi kwa kumweleza. Mpe kitu kizima chenye mipaka: kuogesha kila jioni ni kwake. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi ni wake, wewe unalala chumba kingine au kwa binti, saa tano mfululizo bila kuamshwa. Na akifanya kwa namna yake, mtoto akavishwa shati kinyume, usimsahihishe. Mama anayesahihisha kila kitu humaliza siku akifanya kila kitu. Ipo hofu kwamba ndoa zenye mtoto mwenye ulemavu lazima zivunjike. Don Risdal na George Singer walikusanya tafiti nyingi mwaka 2004 wakakuta athari ipo, lakini ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Mwonyeshe barua uliyoniandikia. Naamini hajui kuhusu ule usiku.

Mama mkwe amekutwisha jambo ambalo halina msingi wowote. Mwanao alizaliwa miezi saba, na hilo peke yake lina maelezo. Kati ya wiki ya 24 na ya 34 hivi ya mimba, sehemu nyeupe ya ubongo iliyo kandokando ya mifereji yake ya maji ni dhaifu sana, damu au hewa ikipungua kidogo hudhurika, na nyuzi zinazopeleka amri miguuni zinapita hapohapo. Ndiyo maana watoto wengi waliozaliwa njiti wenye utindio wa ubongo huathirika miguu zaidi. Kumcheka mtu hakufiki huko. Utindio wa ubongo ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha ulemavu wa mwendo utotoni, na humpata mtoto wa mcha Mungu na wa asiyejali vilevile. Wala si wewe unayepaswa kumjibu mama mkwe. Mumeo ndiye mwanawe. Yeye ndiye aseme, kwa heshima na mara moja: mama, daktari ametueleza sababu, maneno yale yanamuumiza mke wangu, naomba yasirudiwe. Kisha mpeni bibi huyo nafasi ya kumshika mjukuu wake. Lawama nyingi za wazee zina woga ndani yake, na mikono iliyopewa kazi hulaumu kidogo.

Bado sijakugusia huzuni. Mwaka 1962 Simon Olshansky, Mmarekani aliyefanya kazi na wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili, aliandika kwamba huzuni ya wazazi hao haipiti na kuisha kama ya msiba. Hurudi. Hukaa kimya miezi, kisha huamka watoto wa rika lake wakianza shule, au mdogo wa jirani akitembea. Aliiita huzuni ya kudumu, na akasisitiza kuwa si ugonjwa, ni itikio la kawaida la mzazi kwa jambo zito. Namshukuru kwa hilo, kwa sababu wazazi wengi hudhani kulia tena baada ya miaka minane maana yake hawajamkubali mtoto. Unaweza kumpenda huyu uliyenaye na ukamlilia yule uliyemwota, siku hiyohiyo. Hakuna anayemwibia mwenzake.

Sonona ni kitu kingine, na lazima ujue tofauti. Huzuni huja na kuondoka, na katikati yake mtu bado anacheka, bado anafurahia chai na mazungumzo. Sonona hukaa karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi: hakuna kinachofurahisha, hamu ya kula imepotea au imezidi, usingizi hauji hata mtoto akilala, mwili mzito, kujiona huna thamani, kuwaza kifo. Kwa uliyoyaandika, nakuomba upimwe. Ni maswali machache tu, na yanaweza kuulizwa hata na daktari wa kawaida. Tiba ya mazungumzo inafanya kazi, na dawa pia zinafanya kazi, ingawa huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, na wengi huziacha mapema kwa kudhani hazisaidii. Kumeza dawa ya sonona hakukufanyi mlezi dhaifu, kama vile dawa ya shinikizo la damu isivyokufanya dhaifu.

Halafu utafute mtu wa pili. Nyumba inayotegemea mlezi mmoja iko hatarini kila mlezi huyo anapopata homa. Chagua ndugu au jirani mmoja, umfundishe polepole, wewe ukiwepo mara kadhaa kwanza. Mwandikie karatasi moja: mtoto analishwa ameketi wima, kidevu kimeshuka kidogo, kamwe asilishwe amelala, tonge dogo, ameze kwanza ndipo lije lingine, ishara zake za ndiyo na hapana, kilio cha njaa na kilio cha maumivu vinavyotofautiana, dawa gani, saa ngapi, nani wa kupigiwa. Mama wengi hukataa wakisema hakuna anayemjua mtoto kama wao. Ni kweli hakuna. Lakini mtu akijua nusu ya unavyojua wewe anatosha kwa saa tatu za alasiri, na saa hizo zisiwe za kufua. Ondoka nyumbani. Ukipata na kundi la wazazi wenye watoto kama wako, hata la kwenye simu, jiunge, kwa sababu huko hutalazimika kueleza chochote kuanzia mwanzo, na utajua mambo ambayo hospitali haikuambii: nani anatengeneza viti, daktari gani anasikiliza.

Binti yako nimemkuta kwenye neno moja tu la barua yako, nadhani hata nyumbani ndivyo anavyopata nafasi. Mwambie kilichompata kaka yake mdogo kwa lugha nyepesi: ubongo uliumia alipozaliwa mapema, hauambukizi, si kosa la yeyote. Mwambie anaruhusiwa kuchukia siku ambazo mipango yake inavunjika. Msaada mdogo nyumbani haumdhuru, lakini asiwe mlezi wa zamu ya usiku wala wa kumbeba. Nusu saa kwa wiki iwe yake na wewe pekee, na mumeo akae na mdogo wake.

Uliuliza itaisha lini. Uangalizi hautaisha, nisikudanganye. Hali ya sasa, ya kuamshwa mara tatu au nne kila usiku na kutamani kifo, hiyo haipaswi kufika mwisho wa mwezi bila kuanza kubadilika, na njia ni hii: wewe upimwe sonona wiki hii, mtoto apigwe picha ya nyonga na achunguzwe usingizi, mumeo achukue usiku wake wawili. Mengine yafuate taratibu. Dhara la ubongo wa mwanao halisambai wala halizidi, lakini mwili wake unakua, na kati ya miaka kumi na kumi na tano mifupa hurefuka haraka kuliko misuli iliyokaza, maumivu huweza kuongezeka na uzito pia. Kwa hiyo kiti cha kuogea, kiti cha magurudumu kilichopimwa kwa mwili wake na mlango mpana wa bafu vitafutwe sasa akiwa na kilo 21, msisubiri afike 35.